Karanga Juu ya Picha za Daktari

Kizota,
Dodoma.
9 Julai 1996

Mpendwa dada yangu Zipora,

Shikamoo. Na mbukwa pia, kama huko Tabora hawajakusahaulisha lugha ya mama. Magoti yanaendeleaje? Shemeji Silvano je, bado anakoroma mpaka majirani wanafikiria kuhama? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Upepo wa Julai unavuma, vumbi linaingia mpaka kwenye chai. Uwele mwaka huu si haba.

Mimi mwili si mzima, ila mdomo haujaugua.

Najua mwanangu Denis alikwisha kukuandikia kwamba nina saratani ya mapafu, na kwamba nimekataa kwenda kutibiwa Dar es Salaam, nimechagua kukaa nyumbani nife kiume. Tena nasikia unajiandaa kuja kuniaga. Soma taratibu basi, dada, maana nakuandikia nimeinamisha kichwa kama mbuzi aliyefumaniwa kwenye mtama wa watu.

Siku ile Denis alikuwa gereji kazini, nikapelekwa hospitali na mkewe, Ruthu. Daktari wetu anaitwa Anyitike, kijana wa Mbeya, mpole, hana ile haraka ya wenzake. Hakunificha. Alisema mionzi ya Dar haitaumaliza ugonjwa, ila yaweza kupunguza damu ninayokohoa, ikanipa pumzi na pengine muda zaidi. Lakini itanichosha, chakula kitapita kooni kwa taabu, na nitakaa wiki kadhaa mbali na kwangu. Nikibaki, nitapewa dawa za kutuliza maumivu, nami nitakuwa karibu na wajukuu.

Kisha akatandaza picha mezani kama mtu anayegawa karata. Mzee yuko shambani anavuta pumzi aliyoipata Dar. Mzee kalala kitanda cha ugenini. Mzee kaketi mlangoni kwake na watoto. Akanimwagia karanga kiganjani. "Babu, weka karanga nyingi pale unapopataka zaidi. Hapa hakuna kukosa wala kupata. Ukimaliza tutaongea, uniulize lolote."

Mimi wa darasa la tatu nilimwelewa vizuri kabisa. Tatizo Ruthu alikuwa ameketi pale pale! Mila zetu unazijua. Mbele ya mkamwana hata makohozi nayameza. Nitasemaje mbele yake kwamba usiku nalia kwa kukosa hewa? Nitaulizaje, nikitapika huko Dar, nani atanishika? Nikajitutumua. Karanga zote nikazimwaga kwenye picha ya mlangoni, isipokuwa moja, hiyo nikaitafuna.

"Babu, hiyo uliyotafuna ulitaka kuiweka wapi?"

"Tumboni, mwanangu. Meno yaliyobaki nayo yanataka kazi."

Alicheka mdomo tu, macho hayakucheka. Akaniuliza kama nina swali. Nikamjibu kwamba maswali ni ya waoga. Ona upumbavu wa mtu mzima!

Nikarudi nyumbani shujaa. Ndugu wa Chamwino wakaja kuniaga, wakaleta na beberu. Mchungaji aliomba mpaka sauti ikamkauka. Na mimi nimekaa katikati yao natafuna ini la mbuzi wa kuniagia, huku moyoni nasema sitaki kwenda popote, nataka kuishi. Kila nikitaka kufungua mdomo, naukuta umejaa nyama yao. Watu wamekwisha kulia, machozi yao utawarudishiaje?

Aliyenifichua ni Ruthu. Jana alikuwa uani anapepeta uwele, mimi niko ndani nyuma ya mlango. Kunikabili hawezi, basi akaanza kusema na kuku.

"Wewe kuku, kamwambie baba kwamba mimi niliona. Mkono wake ulisimama juu ya ile picha ya shambani, ndipo karanga ikaenda mdomoni. Kamwambie aibu yetu ni ya kuheshimiana, si ya kuzikana."

Nikajibu kutoka ndani: "Kuku, mwambie huyo mama anyamaze, la sivyo nakuchinja."

"Kuku, mwambie achinje tu. Supu atainywaje, na pumzi hana?"

Dada, mimi niliyewashinda kwa maneno wazee wa baraza, nimenyamazishwa na mke wa mwanangu, tena kupitia kuku. Nilijifunika blanketi mchana kweupe.

Leo asubuhi nimerudi kwa Anyitike. Ruthu alikaa nje kwenye benchi, akaupa mlango mgongo. Karanga nimezipanga upya, nyingi nimeziweka shambani. Na nimeuliza yote: kutapika, koo, usiku, na kama nitarudi. Hilo la mwisho hakuniahidi, ila kaniambia anavyofikiri, nami nimemwamini zaidi kwa kutoniahidi. Nitakwenda Dar mwisho wa mwezi. Ila anataka niende na mtu wa kukaa nami.

Sasa nimtaje nani? Denis akiacha kazi, watoto watakula nini? Ruthu hawezi kunishikia ndoo. Wa Chamwino siwezi hata kuwatazama usoni, mbuzi wao bado yumo tumboni. Umebaki wewe, uliyenifuta kamasi na kunichapa kwa bua la mtama. Kwako sina cha kuficha.

Naogopa, dada. Neno hili nimelikata na kuliandika tena. Sasa naliacha.

Nisalimie shemeji, na binti yako Anna na wanawe. Denis na Ruthu wanakuamkia. Mungu aliyekulinda mpaka mvi hizo aendelee kukulinda, na magoti ayaangalie.

Ila kuniaga usije. Kata tiketi ya kufika Dar moja kwa moja. Treni ikisimama Dodoma usishuke, kaa dirishani. Mimi ndiye nitakayepanda.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukusumbua tangu utoto,

Sostenes Ndahani