Kisanduku cha Sauti Nilichokutengenezea

Mama,

Nakuandikia nikiwa chumbani kwako Makambako. Dirisha nimelifunga na pazia nimelivuta, ingawa ni saa nane mchana na nje hakuna mtu. Ndivyo nilivyo siku hizi. Siwezi kutamka jambo kabla sijaangalia nyuma.

Nianze na kosa langu. Nilikushuku. Watu walipoanza kusema kwamba mshauri anayewapigia simu wagonjwa wa virusi vya UKIMWI ana mdomo, nilikutetea kanisani, nikakutetea zahanati, halafu ulipokwenda kuoga nikachukua simu yako nikaikagua ujumbe kwa ujumbe. Ulirudi na taulo kichwani ukanikuta nayo. "Umemaliza, Lusi?" ukauliza, ukaketi kujipaka mafuta. Hatukuliongelea tena. Nilitaka kukuomba radhi, nikawa nasema kesho.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa Yusta wa Kichiwa. Alikuambia wewe peke yako, kwa simu, kwamba ameanza dawa na anatafuta namna ya kumweleza mchumba wake. Kabla hajamweleza, mchumba akaambiwa sokoni. Posa ikavunjika, Yusta akaacha kwenda kuchukua dawa. Ukaniapia kwamba hukumwambia mtu. Nikaamua kuamini kwamba kuna mtu kwenye mitambo ya simu anayesikiliza maongezi yako.

Ndipo nikatengeneza kile kisanduku. Intaneti ya vijijini unaijua, kwa hiyo nilitaka kitumie simu ya kawaida kabisa: unakichomeka, kinavuruga sauti yako kabla haijaingia hewani, na kisanduku cha mgonjwa kinairudisha kama ilivyokuwa. Kumbe mtandao wa simu huchuja kila kisichofanana na sauti ya binadamu. Vurugu yangu ilikuwa inafika imekatikakatika, haifunguki. Miezi mitano mimi na Elia, mwenzangu wa karakana pale Njombe, tulihangaika kuifanya ifanane na mtu anayeongea lugha isiyokuwepo. Uliposikia kwa mara ya kwanza ulicheka mpaka ukakohoa, ukasema ni kama mlevi anayesali.

Ulipenda yale maneno mawili. Yanatokea kwenye kioo cha kisanduku pande zote mbili, mnasomeana, yakiwa sawa mnajua hakuna aliyejiingiza katikati. "Kikapu. Jembe," ulikuwa unasoma taratibu, kama somo la Jumapili. Na kwa sababu sikio lako la kushoto lilikuwa limekufa na la kulia linafuata, nikakuwekea spika kubwa kuliko ile ya simu uliyozoea kuiwasha. Nilijisifu kwa spika ile, Mama.

Siri zikaendelea kutoka. Yule mgonjwa wako wa Manda anayeleta dagaa huku, aliulizia chumba cha kulala wageni, mwenye nyumba akamwambia hana chumba cha mtu wa dawa. Zahanati wakakuondoa kwenye orodha ya washauri. Miezi minne baadaye presha ikakuangusha. Kwenye mazishi nilisikia mwanamke nyuma yangu akinong'ona kwamba umeondoka na siri za watu, na mwenzake akamjibu kwamba hakuna uliyobakiza.

Baada ya hapo sikumwamini mtu. Nilimgeukia Elia, maana yeye ndiye aliyeandika sehemu ya funguo, zile namba za siri zinazoirudisha sauti iliyovurugwa. Nilimwambia mbele ya wenzetu kwamba amejiachia ufunguo wa tatu na anasikiliza. Alivaa koti lake akaingia kwenye ukungu.

Wiki iliyofuata nikampigia kwa upole wa uongo, kwa kisanduku. Nikiwa Njombe nilimsimulia habari za mzee mmoja mgonjwa. Kisha nikaja hapa, nikaketi kitandani kwako, nikamsimulia habari za Sekela wa Kichiwa, mwenye watoto wawili. Wote wawili niliwatunga. Nilitaka kuona habari za nani zitatoka nje. Kama anayevujisha ni Elia, zitatoka za wote wawili.

Jumapili ile, mwanakwaya mmoja alinishika mkono mlangoni mwa kanisa. "Poleni na yule Sekela," akasema. "Na watoto wenyewe bado wadogo." Yule mzee niliyemsimulia nikiwa Njombe hakutajwa na mtu, hata leo.

Nilirudi nyumbani kwako. Nilimpigia Elia, nikamwomba aongee tu, asome chochote, nikaacha kisanduku kitandani, nikazunguka mpaka chumba cha mbele ulichompangisha Mama Naomi, fundi cherehani. Hakuwa amerudi kutoka kanisani. Niliposimama kwenye cherehani yake, sauti ya Elia ilipenya ule ukuta wa mbao, neno kwa neno. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kila ulipopokea simu cherehani ile ilikuwa inanyamaza. Mimi nilidhani ni heshima.

Mama Naomi, aliyekufunga kanga kichwani ulipougua. Aliyenishika nisianguke kaburini. Nilipomuuliza, hakukana. Alisema, "Sikusema kwa ubaya, mwanangu. Nilimwambia mtu mmoja tu, tuwaombee."

Sikumpigia kelele. Nilimwambia tutakwenda Kichiwa pamoja, na tukaenda. Yusta alitusikiliza huku akimenya viazi, bila kusimamisha kisu. Mama Naomi alilia, yeye hakulia. Mwishoni akaniambia, "Mama yako alinipigia mara nyingi, sikupokea. Alipokufa nilijua. Nikakataa kuja." Kisha akaniuliza kama zahanati watampokea tena. Nilimsindikiza siku ya pili yake. Muuguzi alisikia habari yote, akaniambia jina lako watalisafisha. Wamelisafisha kwa watumishi, mitaani bado.

Elia nimemwomba radhi. Amerudi karakana, lakini anaongea nami kwa kazi tu. Namwelewa. Mama Naomi amehama. Spika nimezing'oa kwenye visanduku vyote, sasa ni kisikilizio kimoja cha sikioni, na kabla ya yale maneno mawili kuna swali ambalo sikuwahi kulifikiria: uko wapi, na nani yuko karibu?

Juzi Yusta alinipigia. Nilitoka nikaenda katikati ya shamba la viazi, nikageuka pande zote nne, ndipo nikapokea. Tulisomeana maneno, yakawa sawa. Aliongea muda mrefu.

Mama, nisamehe ile siku ya simu. Pumzika sasa, wagonjwa wako nitawapigia mimi, na nakuahidi kitakachoingia sikioni mwangu kitaishia hapo. Ndiyo maana aliyoniambia Yusta siyaandiki. Hata kwako.

Mwanao,
Lusia