Vimkia Vitatu

Malindi, 3 Agosti 1984

Mlamu wangu Nzai,

Pokea salamu zangu na za dada yako Jedida. Sisi hatujambo, cherehani nayo haijambo. Goti la mama linaendeleaje? Mfikishie shikamoo yangu na hiyo dawa ya kuchua niliyompa jirani yetu Mapenzi akuletee pamoja na barua hii.

Sasa kazi. Kilifi wamekubali tuimbe kwenye mkutano wa makanisa, Jumapili tarehe ishirini na sita. Tutaimba ule wimbo wa kaseti ya wale Wamarekani wanne. Maneno ya Kiswahili nimeshayatia. Najua mahindi hayatakuruhusu kuja mazoezini, kwa hiyo nimekunakilia sauti yako ya besi kutoka kwenye kitabu changu cha nyimbo kama kawaida, ujifunze huko huko Jilore. Kumbuka: herufi ya noti yenye kimkia chini yake unaiimba chini, isiyo na kimkia unaiimba juu. Mwisho kabisa sisi watatu tunanyamaza, besi unamaliza peke yako. Fuata nilivyoandika, usiongeze lako. Wewe una tabia ya kuongeza.

Mlamu wako,
Joram


Jilore, 14 Agosti 1984

Mlamu Joram,

Salamu zimefika na dawa imefika. Mama amejipaka mpaka kwenye goti zima, lile lisilouma, anasema lisije likaona wivu. Mimi ni mzima wa afya.

Karatasi nimeipata. Naimba nikiwa nyuma ya ng'ombe, na mpaka sasa hawajalalamika. Ila pale mwisho nisaidie. Do yangu iko chini, halafu herufi tatu zinazofuata hazina kimkia hata kimoja. Besi aruke ghafla mpaka juu ya sauti yako wewe? Koo langu si la kazi hiyo. Lakini fundi ni wewe. Usiponijibu nitajua ndivyo ulivyotaka, na nitaruka.

Mlamu wako,
Nzai


Malindi, 10 Julai 1985

Mlamu Nzai,

Hujambo? Mama hajambo? Nauliza kwa karatasi kwa sababu huu ni mwezi wa kumi na moja sijapata mstari kutoka kwako, na Jedida akirudi kutoka huko habari zako ananipa kwa kijiko.

Najua ni Kilifi. Uliruka juu, sauti ikakatika kama ya jogoo mchanga, kanisa zima likacheka. Mimi kiongozi ningefanyaje? Nikasema lile neno kupoza mambo: "Mtusamehe, besi wetu ametoka shambani moja kwa moja." Ulikuwa mzaha, Nzai. Watu walicheka yakaisha. Wewe ukavua shati la kwaya, ukalikunja, ukaliweka kwenye benchi na kuondoka bila kula.

Basi, sisi tumesubiri vya kutosha. Tumempata Kiponda, kijana wa Ganda, sauti yake si nene sana lakini anakuja mazoezini. Mwezi ujao tunarudi Kilifi na wimbo ule ule. Naomba unirudishie karatasi ya besi nimpe.

Mlamu wako,
Joram


Jilore, 22 Julai 1985

Bwana Joram,

Salamu. Mama hajambo.

Karatasi yako hii hapa. Sijaandika chochote juu yake. Kabla hujampa Kiponda, iweke kando ya kile kitabu ulichonakili, utazame mstari wa mwisho. Nisingependa naye achekwe.

Nzai Ngala


Malindi, 27 Agosti 1985

Mlamu wangu,

Sijui kama bado naruhusiwa kukuita hivyo, maana barua yako uliitia sahihi jina lote kama mtu anayemwandikia chifu. Nimestahili. Natumai mama ni mzima, nawe ni mzima.

Nilitazama. Kwenye kitabu kuna vimkia vitatu. Kwenye karatasi yangu hakuna hata kimoja. Besi hakutakiwa kuruka, alitakiwa kushuka ngazi tatu taratibu mpaka chini kabisa, ndiyo maana sisi wengine tunanyamaza. Nilikaa na karatasi ile mbele ya cherehani mpaka mteja akaniuliza kama naumwa.

Halafu nikaitafuta barua yako ya mwaka jana. Uliniuliza! Niliisoma siku ile nikasema, huyu Nzai, anataka kuongeza lake tena, nikaiweka chini ya vitambaa. Kwa hiyo si kusahau tu. Niliulizwa nikadharau, na baadaye nikakucheka mbele ya watu.

Juzi Jumapili tulikuwa Kilifi. Kabla ya kuimba niliwaambia kwamba mwaka jana besi wetu hakukosea, aliimba nilichoandika mimi, aliniuliza na sikumjibu. Hakuna aliyecheka. Tukaimba, na tulipofika mwisho Kiponda akafunga mdomo. Aliniambia tangu asubuhi kwamba mahali pale si pake. Tukasimama wanne kimya mpaka ngazi zako tatu zikapita, kisha tukakaa. Jedida alilia.

Nimekukosea, Nzai, na nimeona aibu. Shati lako ninalo. Kiponda alilijaribu, kola ikamzunguka shingo mara mbili, nikamshonea lingine.

Ukikataa kuniandikia nitaelewa. Ila mwandikie dada yako.

Mlamu wako,
Joram


Jilore, 19 Septemba 1985

Mlamu,

Barua yako nimeichelewesha makusudi, nawe uonje kusubiri. Tuko wazima. Mama anakusalimu na anasema dawa ilikwisha zamani, yeye hajui habari za vimkia.

Kosa la karatasi nililijua wiki ile ile baada ya Kilifi. Mwalimu wa shule hapa ana kitabu kama chako, akanionyesha. Sikukuambia kwa sababu ungeaibika mbele ya dada yangu, na yeye ndiye anayelala na hasira zako. Kuchekwa pia hakukuniuma sana. Sauti yenyewe hata mimi ningeicheka. Kilichoniuma ni shamba. Unga uliokula asubuhi ya siku ile ulitoka wapi, Joram? Niliubeba mimi mwenyewe mpaka mlangoni kwako.

Jedida amenieleza mlivyosimama kimya. Ameniambia mara tatu, na mara zote tatu amelia. Mwambieni Kiponda asante. Abaki, afundishwe. Mimi sitaishi milele.

Jumamosi nakuja mazoezini. Usininakilie karatasi. Ngazi zile nimezishuka mwaka mzima nyuma ya ng'ombe, na siku hizi nikifika ya chini kabisa wanasimama wakidhani wamefika nyumbani. Shati lipigwe pasi.

Na siku ukisimama tena mbele za watu wa Kilifi, waambie lile lile ulilowaambia mwanzo, nimetoka wapi. Ila safari hii usiwaombe msamaha.

Mlamu wako,
Besi wa kutoka shambani