Kanga Wako Wamekimbia, Baba

Baba,

Kanga wako wamekimbia leo. Nimeona nikwambie wewe kwanza, kabla sijaanza kujisifu mtaani.

Lakini najua utauliza habari za nyumbani. Tungali Huruma, nyumba ile ile. Benchi lako la kuchongea liko pale chini ya ngazi, na mwenye nyumba amesema likae tu. Msasa wako Mama anasugulia sufuria. Usikasirike, nimemkanya, hasikii. Na Mama mwenyewe... Baba, Mama alinyamaza. Anapika, anaenda kanisani, anarudi, anakaa. Unamjua wewe, alikuwa akicheka mpaka majirani wanagonga ukuta. Tangu tukuzike, hakuna aliyegonga.

Ndiyo maana niliurudia ule mchezo wetu wa simu. Unaukumbuka: shamba la mahindi, kanga wanachomoka kwenye nyasi kuja kula mbegu, na mchezaji anawafukuza kwa kidole, kama Mama alivyowafukuza kwao Machakos akiwa msichana. Ulimchonga kanga mmoja, nikampiga picha, na programu ikawa inamtoa tena na tena mchezo ukiendelea. Ulinicheka siku ile! Ukasema mimi ni mvivu, mtu anachongewa ndege mmoja anajaza shamba, tena wote sura moja kama watoto wenye sare. Nilinuna, lakini nikaenda nikawabadilisha. Huyu mnene, huyu mdogo, huyu ana haraka zake.

Basi juzi nikampa Mama acheze. Akafukuza, akafukuza, nikaona mdomo unaanza kulegea, karibu acheke. Ghafla kanga wakaanza kujikokota, na simu ikaganda. Nikaiwasha upya, ikaganda tena. Akanirudishia akasema, "Hata huu umekufa." Akaingia chumbani. Nilitamani kuitupa ile simu dirishani.

Kosa nililijua. Kanga wakifukuzwa wanatoka nje ya skrini, hatuwaoni tena, lakini programu inaendelea kuwabeba wote mpaka inalemewa. Dawa yake ni mstari mmoja tu: akitoka, afutwe. Mstari mmoja, Baba, na sikuweza kuuandika. Kila nikianza naona kama naifuta kazi ya mikono yako. Nikawa nalia mbele ya kompyuta kama mjinga.

Ukanisaidia wewe. Nilikumbuka ulivyokuwa ukimaliza kazi: unamfunga twiga kwenye gazeti, unamkabidhi aliyemnunua, hata humtazami akiondoka. Nilikuuliza kama huoni uchungu, mnyama umemchonga wiki nzima. Ukasema, "Akishatoka, nafasi ni ya mwingine. Lete mti." Ukanipa na ufagio nizoe maranda.

Nikauandika ule mstari. Leo Mama amecheza mpaka chai yake ikapoa. Mmoja akitoka anafutwa, mwingine anachomoka kwenye nyasi, na simu haijakwama hata kidogo. Kuna kadogo kamoja kalimponyoka, kakala mbegu, kakaenda zake. Nikajua sasa ataweka simu chini. Mama akasema, "Wacha kaende, mwingine anakuja." Halafu akacheka, Baba. Akacheka kabisa. Jirani akagonga ukuta, na sijawahi kufurahia kero ya huyo mtu namna hiyo. Nilienda jikoni nikalia, lakini si kile kilio cha mwanzo.

Yule kanga uliyemwacha bila miguu niko naye hapa mezani. Sitammalizia mimi, mkono wangu utamharibu. Nitampiga picha hivyo hivyo alivyo.

Kwaheri, Baba. Pumzisha hiyo mikono, imechonga vya kutosha. Nakuahidi kanga wako wa mwisho ataingia shambani pamoja na wenzake, na Mama atamfukuza. Nyasi nitazichora ndefu, zimfike kifuani. Nani atajua hana miguu?

Binti yako,
Ndinda