Kabla ya Kupanga, Omba Moto

Mjukuu wangu Neema,

Huku Mpanda hatujambo. Bibi yako anakohoa kidogo, ila kugombeza hajaacha. Unauliza upange mtaa gani ukihamia huku, nawe wataka watu wasioingilia mambo yako.

Nilipofika hapa nikiwa kijana, nilipita nyumba hadi nyumba kuomba kaa la moto. Karibu na stesheni walinipa, wakafunga mlango. Nikaupenda ustaarabu wao, nikapanga hapo. Kisha homa ikanilaza siku tatu, wala hakuna aliyejua.

Nilipopona nikaenda kuomba moto mtaa wa Misunkumilo. Binti mmoja akaniuliza, “We kaka, watoka wapi? Mbona umekonda hivyo? Nani anakupikia?”

Nikahamia wiki hiyohiyo.

Basi omba moto kwanza, hata kama una kiberiti. Bibi yako anauliza, huko Tanga nani anakupikia?

Babu yako