Jina Nililotumwa Balambala

Mwanaisha mwanangu, salamu za Balambala, ambako nimekaanga yai juu ya jiwe bila moto.

Uliniagiza jina la mtoto wako anayekuja. Nimelipata, ila nusura linitoe roho. Jana mwenyeji wangu alimfanyia kichanga wake karamu ya siku ya saba. Nyama imeiva, bibi yake mtoto anataka jina la ukoo, mama mtoto anataka Ayaan, baba mtu anajifanya anapanga sahani.

"Hiyo jina ya kuokota kwa simu!" bibi akafoka, akaniwekea mtoto mikononi. "Wewe mgeni, hauna upande. Tangaza!"

Mimi niliyewahi kumfukuza simba kwa kandambili, nikarudi nyuma hadi ukutani. Nikauliza, "Ayaan ni nini?"

"Bahati," mama akasema, haangalii mtu. "Wawili nimezika na majina ya ukoo. Huyu niachieni."

Nikatangaza: Ayaan! Bibi akaninyang'anya mtoto, akamnusa utosini, akaita taratibu, "Ayaan," kama anaonja chai ya moto. Halafu akaita tena.

Habari ya ukuta usimwambie mtu. Jifungue salama mwanangu, na wako akae duniani.

Mjomba wako