Jaruba la Mwisho Msilipande

Dada Skola,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na Mama ameanza kula vizuri. Mimi afya ninayo; moyo ndio mgonjwa tangu nirudi huku kambini kutoka kumzika Baba. Sikupiga simu kwa sababu Mama huwa pembeni yako, na haya nataka uyajue wewe kwanza. Nimempa mwenzangu anayekuja likizo Ifakara akuletee.

Unakumbuka ile timu yetu ya raga? Luteni wetu alijifunza mchezo huo alipokuwa masomoni nje, akatukusanya nyuma ya karakana ya magari. Tuliokota mawe wiki nzima ndipo tukapata uwanja. Magoli yalikuwa mianzi iliyofungwa kwa kamba, mpira mmoja tu, na wapishi walikuja kutucheka tukianguka. Mwanzoni nilikuwa wa hovyo kabisa, maana katika raga hairuhusiwi kumrushia mwenzako aliye mbele. Unakimbia mbele, mpira unarusha nyuma. Nilipomweleza Baba kwa simu alicheka hadi akakohoa.

"Sasa hiyo si kama sisi tunavyopanda mpunga, mwanangu? Unarudi nyuma, na kazi inakwenda."

Tangu siku hiyo nikaelewa, naye kila tukiongea akawa anauliza mechi ni lini.

Dada, niliwadanganya. Ulipopiga Ijumaa asubuhi ukasema, "Njoo, Baba anakuita," ruhusa niliipata saa ile ile. Hakuna kazi iliyonizuia. Jumamosi ilikuwa mechi yetu ya kwanza, wanaotakiwa ni kumi na watano, na sisi tulikuwa kumi na watano kamili. Luteni mwenyewe aliniambia niende. Mimi nikajisemea, Baba ameumwa mara ngapi akainuka? Nitaondoka Jumapili.

Tulifungwa vibaya. Lakini mara moja niliufikisha mpira nyuma ya mstari wao, wenzangu wakaninyanyua, nikacheka kama mwehu. Nilipofungua begi nikakuta umepiga mara saba. Nimelinganisha saa, Dada. Nilikuwa juu ya mabega ya watu wakati mnamfumba Baba macho.

Msibani Mjomba alisimama akasema mtoto wa marehemu alicheleweshwa na kazi ya taifa. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima, nami nikanyamaza. Kisha wewe ukaninong'oneza kwamba kila basi liliposimama hapo nyumbani Mkula, Baba alikuwa akiuliza, "Ndiye?" Neno hilo haliniachi. Naona aibu hata kuliandika. Mpira sijaugusa tena, na wenzangu sasa wako kumi na wanne, wanafanya mazoezi tu.

Nisalimie Shemeji na watoto. Mama yangu wa ubatizo mwambie rozari yake ninayo. Msalimie na Mjomba, ila mwombe asinisifu tena mbele za watu.

Mama usimwambie, nitamwambia mwenyewe nikija kwenye arobaini. Mtakuwa mnapandikiza. Lile jaruba la mpunga la mwisho karibu na mfereji, ambalo Baba alikuwa akiniachia kila nikija likizo, naomba msilipande. Nikisimama mbele ya Mama sitaweza kusema. Lakini tukiwa tumeinama sote wawili kwenye tope, miche mkononi, tukirudi nyuma pamoja, nitasema.

Mimi mdogo wako,
Beda