Ikifika Tisini

9 Februari 1993

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unasemaje? Na mama, kifua kinamwachia apumue? Mimi mzima, ila nimechoka. Bado niko chumba cha kufulia pale hospitali, mashuka mia tatu kwa siku, na mvuke unanipika kama kiazi. Vidole vimekunjamana kama vya bibi kizee. Hilo usimwambie mama.

Baba, Jumapili nzima nimepiga hesabu. Pesa yao moja ikifika tisini zetu, akiba yangu itatosha kununua kile chumba cha duka na vyerehani vitatu. Ikifika tu, naacha kazi siku hiyohiyo narudi nyumbani. Shida ni kwamba benki za huku pesa yetu haimo kwenye ubao wao. Nikiuliza wananitazama kama nimeuliza bei ya mbuzi. Kwa hiyo niandikie wewe, kila barua. Hundi ya dawa za mama nimetuma kama kawaida.

Mwanao,
Fundi

14 Machi 1993

Mwanangu Fundi,

Marahaba. Barua na hundi tumevipata, Mungu akuzidishie. Mgongo upo palepale, tumeshazoeana. Mama yako amekaa mlangoni anashona kifungo cha shati langu kwa mara ya tatu, maana hakubali kwamba macho nayo yamezeeka. Anakusalimu sana.

Kazi ya bei umempa mwenyewe. Miaka thelathini na moja nimeandika ubao wa duka la kubadilishia pesa kwa chaki, kila asubuhi, na sikuwahi kuandika kwa kukumbuka. Karatasi naitazama mara mbili, ndipo mkono unakwenda. Daftari zangu zote ninazo, mama yako anaziita mke mwenza. Mwaka uliozaliwa, moja yao kwa nane zetu. Ulipoanza shule, kumi na saba. Ulipopanda ndege, arobaini na tatu. Leo ni sabini na moja. Tisini haiko mbali, mwanangu. Mwenye chumba naye amekubali kutushikia.

Baba yako,
Mzee Chaki

30 Septemba 1993

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi tunasukuma siku. Leo ni themanini na mbili.

Daktari amembadilishia mama yako dawa. Hizi mpya zinatoka nje, kwa hiyo bei ya pesa ikipanda ngazi moja, nazo zinapanda ngazi moja. Pensheni yangu inanunua vidonge vya siku nne. Za mwezi mzima ni hundi yako. Lakini ameanza kutembea mpaka kisimani na kurudi, na jana amenigombeza kwa sauti kubwa. Nimefurahi kugombezwa.

Baba yako

2 Machi 1994

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Bei imeshuka, ni sabini na nane. Mama yako anaendelea vizuri. Samahani kwa barua fupi, mkono unauma.

Baba yako

17 Juni 1995

Baba,

Shikamoo. Mama hajambo? Mimi nipo, sina la zaidi.

Mwaka na zaidi sasa unaniandikia sabini na nane, themanini, sabini na tisa. Hii bei ina kilema? Msimamizi wetu alitoa likizo ya wiki mbili, nikakataa, kwa sababu nauli ingekula akiba na ningerudi nyuma kabisa. Nikisikia gari la mashuka linakuja, natamani kulia. Niambie ukweli, wewe uliyeiona miaka yote hiyo. Itafika?

Mwanao

20 Julai 1995

Mwanangu,

Tumepata salamu. Ni themanini. Mvumilivu hula mbivu.

Baba

8 Aprili 1996

Mwanangu,

Simu ya msiba naamini uliipata. Tumemzika mama yako Alhamisi, watu walikuja wengi. Pole, mwanangu. Sina neno jingine la kukupoza, na hili ninaloandika litakuumiza zaidi.

Tarehe ishirini na mbili Februari, mwaka juzi, bei ilifika tisini na moja. Niliiandika kwenye daftari. Kisha nikachukua karatasi ya barua, nikakuandikia sabini na nane. Haikushuka hata siku moja tangu hapo. Leo ni mia moja na kumi na mbili.

Ningekwambia, ungerudi. Ungerudi, hundi ingekatika, na cherehani hakiwezi kununua zile dawa. Niliwaza hivyo usiku na mchana. Mama yako hakujua. Mwenye chumba alichoka kusubiri, akauza mwaka jana. Naona aibu, mwanangu. Kila nilipoandika ule uongo nilijiambia ni mwezi huu tu.

Baba yako

3 Novemba 1996

Baba,

Shikamoo.

Miezi saba nimeandika barua nikachana. Chumba cha duka sikililii. Hata uongo wenyewe naweza kuuelewa, maana mke ni wako na ulimpenda.

Lakini ungeniuliza, ningebaki. Ungesema tu, mwanangu, imefika tisini, ila mama yako anakula vidonge kwa jasho lako. Ningebaki, nikijua ninabakia nini. Na ile likizo ningeichukua. Akiba ya nini tena? Ningekuja wiki mbili nikalala naye kitanda kimoja. Hilo ndilo silimezi, baba. Nilikataa kumwona mama yangu kwa ajili ya namba uliyoitunga wewe.

Usiniandikie bei tena. Niandikie siku yake ya mwisho, yote, usipunguze.

Mwanao

1 Desemba 1996

Mwanangu,

Sipunguzi.

Asubuhi alikunywa uji nusu kikombe, akasema hauna sukari, nao ulikuwa nayo. Nikamgeuza upande wa dirisha. Akaniuliza kuhusu wewe, kama unakula, kama una blanketi zito. Nikamwambia unalo.

Halafu akaniuliza, "Leo ni ngapi?" Maisha yake yote hakuwahi kuniuliza bei. Nikamwambia themanini.

Akahesabu kwa vidole, polepole. Akasema, "Bado kumi tu. Basi acha nimngoje."

Akakungoja mpaka saa tisa mchana.

Baba yako